Marhamu ya Bahari na Mchumia Juani

Ngozi ni nguo ya kwanza ya mwanadamu, na ndiyo ya mwisho. Nguo nyingine hushonwa, hununuliwa, huazimwa na hutupwa. Hii mtu huzaliwa nayo, hukua nayo, na huzikwa nayo. Ni ukuta baina ya mwili na dunia, na ni mlango pia, kwa kuwa ni kwa ngozi mtu huhisi baridi na joto, pigo na papaso. Ikiwa nzima husahauliwa. Ikichubuka mahali padogo kama punje ya mtama, mwenyewe hana raha mchana wala usingizi usiku. Si ajabu, basi, kwamba watu wa kila nchi na kila zama wametafuta kitu cha kuilinda ngozi isidhurike, na cha kuiponya inapodhurika.

Katika pwani ya Waswahili kitu hicho kilitafutwa zaidi katika nchi kavu. Bibi arusi alisingwa kwa singo, uso ulipakwa liwa, na mwili ulilainishwa kwa mafuta ya nazi. Bahari nayo ilikuwa na zawadi yake, lakini ilipewa chombo kabla ya kupewa mtu. Mafuta ya ini la papa, yaitwayo sifa, yalipakwa mbao za jahazi ili jua na chumvi visizipasue. Fundi aliyeyapaka hakuwa na maabara. Walakini alijua jambo kubwa, kwamba viumbe vya baharini vimebeba miilini mwao vitu viwezavyo kuhifadhi kisichokuwa chao.

Jambo hilo leo limepata ushahidi mwingi. Mwani uotao penye maji mafupi hauna kivuli cha kukimbilia. Bahari inapokupwa, jua huupiga kwa saa nyingi, na hauungui. Aina nyingi za mwani mwekundu hujitengenezea kemikali za jamii ya mikosporini, ambazo hunasa miale ya urujuanimno, hasa ile yenye urefu wa wimbi baina ya nanomita 310 na 360, na kuigeuza kuwa joto dogo lisilodhuru. Kwa maneno mengine, mwani ulikuwa na mafuta yake ya kukinga jua kabla mwanadamu hajafikiri kuyatengeneza.

Mwani wa kahawia una hazina nyingine. Mwaka 1881 mkemia Mwingereza, E. C. C. Stanford, alisajili uvumbuzi wa namna ya kutoa katika mwani huo kitu kinachojulikana sasa kwa jina la aljineti. Nyuzi za aljineti yenye kalisi zikiwekwa juu ya kidonda kinachotoa maji, kalisi hubadilishana mahali na sodiamu iliyomo katika maji hayo, na nyuzi zikageuka ute laini. Ute huo hukiweka kidonda katika unyevu wa kiasi, na bandeji huondolewa bila ya kung'oa nyama changa iliyoanza kuota. Magamba ya kamba na kaa nayo hutoa kitosani, kitu kinachosaidia kugandisha damu, na bandeji zake zimetumiwa na askari katika vita tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Huko Iceland, ngozi ya samaki aitwaye kodi husafishwa hata isibaki na seli hai, kisha huwekwa juu ya vidonda vilivyokataa kupona, nayo ikawa kama ukumbi ambamo seli za mgonjwa huingia na kujenga upya. Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka 2013.

Haya yote ni mema, na hapana mtu mwenye moyo aliyepata kumwuguza mwenye kidonda sugu atakayeyadharau. Lakini wema wa dawa una pande mbili: upande iendako na upande itokako. Upande iendako huonekana, maana mgonjwa huinuka, na mwenye kovu hufurahi mbele ya kioo. Upande itokako uko mbali, na aghalabu umefichwa nyuma ya chupa nzuri. Hapa ndipo linapozuka swali ambalo mkemia hawezi kulijibu kwa mizani yake: je, kitu kinachoponya huwa chema kwa sababu ya kuponya tu, au kinadaiwa pia hesabu ya njia kilikopita?

Yafaa kuanza na papa, kwa kuwa kesi yake ni nyepesi kuhukumiwa. Mwaka 1906 mkemia Mjapani, Mitsumaru Tsujimoto, alikuta ndani ya mafuta ya ini la papa kitu ambacho alikiita skwalini mwaka 1916. Kitu hicho kimo pia katika mafuta ya ngozi ya mwanadamu mwenyewe. Ndiyo maana, kikisha kutengenezwa kisiharibike upesi, hupenya vizuri na kuiacha ngozi laini. Viwanda vya vipodozi vilikipenda, na papa wa vilindi wakawindwa kwa ajili ya maini yao. Papa hao hukua polepole na huzaa wachache. Akivuliwa mmoja, bahari hungoja miaka mingi kupata wa kushika mahali pake. Na huku zeituni ina skwalini, na miwa yaweza kufanywa ikatoa kitu hicho hicho. Mwaka 2008 makampuni makubwa ya Unilever na L'Oréal yalitangaza kuachana na skwalini ya papa katika vipodozi vyao.

Hukumu hapa haihitaji mwanachuoni mkubwa. Mtu aliye na njia mbili za kupata kitu kile kile, moja ya kuua na moja isiyoua, akachagua ya kuua kwa ajili ya wepesi au senti chache, hawezi kujitetea kwa haja. Haja ilikwisha siku njia ya pili ilipopatikana. Kilichobaki ni tamaa. Tena iko tofauti baina ya kidonda na kunyanzi. Mwenye kidonda huomba aishi. Mwenye kunyanzi huomba asionekane ameishi. Maombi yote mawili ni ya kibinadamu, wala la pili si la kuchekwa, lakini hayawezi kupewa uzito mmoja katika mizani ya uhai wa kiumbe kingine.

Ngozi ya samaki wa Iceland iko upande wa pili wa mizani hiyo. Samaki yule amekwisha vuliwa kwa chakula, na ngozi yake ilikuwa takataka. Kuitoa takataka katika pipa na kuifanya dawa ni tendo linaloongeza wema bila ya kuongeza dhara. Baina ya kesi hizi mbili, ile ya uwindaji na ile ya takataka, iko ya tatu ambayo ni ngumu kuliko zote mbili: kesi ya kitu kisichowindwa wala kutupwa, bali kilicholimwa na mikono ya watu. Hiyo ndiyo kesi ya mwani wa Zanzibar.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Mbegu iliyopandwa ililetwa kutoka Ufilipino, ingawa mwani wa mwituni ulikuwako pwani hii tangu kale. Aina mbili zilijulikana: spinosamu na kotonii. Zote hutoa karajinani, ute unaofanya losheni isimwagike kama maji, dawa ya meno ikae juu ya mswaki, na krimu itandazwe usoni kwa wororo. Wengi wa wakulima ni wanawake. Wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali, huonekana wakiinama safu kwa safu, kanga zimefungwa viunoni, wakikaza vigingi katika mchanga na kufunga vipande vya mwani katika kamba. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Kilo saba hata kumi za mwani mbichi, zikikauka juani, hubaki kilo moja. Na kilo hiyo ya spinosamu, katika miaka ya 2010, ilinunuliwa kwa shilingi mia chache tu.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchunguzi uliowalinganisha wanawake wakulima wa mwani wa Zanzibar na wanawake wa kazi nyingine. Wakulima walijiona kuwa na siha dhaifu zaidi. Walilalamikia uchovu, maumivu ya mifupa na misuli, njaa, taabu ya kupumua, macho kuuma, mizio, na majeraha ya makombe makali na ya wanyama wenye miba. Kipato cha wengi wao kilikuwa chini ya kiwango cha umaskini mkubwa.

Basi na lifikiriwe jambo hili kwa utulivu. Mmea unaojikinga na jua unalimwa na mtu asiye na kinga ya jua. Ute unaolainisha mikono ya mtu mmoja unatoka katika kazi inayochana mikono ya mwingine. Katika ufuo mmoja wa Paje huweza kuonekana mgeni aliyelala juani kwa hiari yake, amepakwa mafuta ya kukinga jua kutoka utosini hata kisiginoni, na hatua mia kutoka alipo akaonekana mama aliyesimama juani kwa haja yake, hana ila kanga na kofia ya ukindu. Wahenga walisema: mchumia juani, hulia kivulini. Walikusudia mtu mmoja, kwamba atakayestahimili jua leo atapumzika kivulini kesho. Katika biashara ya marhamu methali hiyo imegawanywa baina ya watu wawili: mmoja anachuma juani, mwingine anakula kivulini.

Kwa maneno hayo yako majibu matatu, na insafu inataka yasikilizwe.

Jibu la kwanza ni kwamba mwani uliwapa wanawake fedha zao wenyewe. Kweli hii haikanushiki. Kabla ya mwani, wanawake wengi wa vijiji vile walikuwa na njia chache za kupata senti zao wenyewe. Kwa mwani walinunua sare za shule za watoto, vyombo vya nyumba na mabati ya paa. Na mtu anayenunua bati la paa lake hunena nyumbani kwa sauti nyingine. Atakayesema kwamba kilimo hicho kingekuwa heri kisingaliletwa, hana budi kwanza kuwauliza waliokitumia kuinua vichwa vyao.

Jibu la pili ni kwamba hapana aliyelazimishwa. Jibu hili ni dhaifu kuliko la kwanza. Hiari ni neno tukufu, lakini lina vyeo. Iko hiari ya mtu mwenye milango mingi, na iko hiari ya mwenye njaa, ambayo ni hiari ya mlango mmoja. Anayeingia katika mlango mmoja hakusukumwa, ni kweli. Lakini si kweli kwamba alichagua. Mapatano yaliyofanywa katika hali hiyo yaweza kuwa halali mbele ya sheria na bado yakawa pungufu mbele ya dhamiri.

Jibu la tatu ni la mnunuzi wa chupa aliye mbali. Husema: sikujua. Naye husema kweli. Karajinani ya Zanzibar huchanganywa na ya nchi nyingine, hupita viwanda vingi, na juu ya chupa haukuandikwa mkono wa mtu. Je, mtu huyu aitwe mkosaji? Hapana. Ingekuwa dhuluma kumtwika mtu hatia ya jambo asilolijua wala kulitenda. Walakini hatia na deni si kitu kimoja. Mtoto mchanga hana hatia ya uchungu wa mama yake, lakini akikua hujua kwamba ana deni. Vivyo hivyo atumiaye marhamu ya bahari si mkosaji, ni mdeni. Hatia huhesabiwa kwa yaliyotendwa. Deni huhesabiwa kwa yaliyopokewa. Na deni lina tabia moja njema: hatia humfanya mtu ajifiche, bali deni humfanya atafute namna ya kulipa.

Deni hili ni la nani? Sheria za dunia zimejaribu kujibu kwa njia yao. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayefaidika na asili za viumbe vya nchi fulani agawane faida na nchi hiyo. Ni kanuni ya haki. Lakini mwani wa Zanzibar unaonyesha mpaka wake. Mbegu ilitoka Ufilipino. Kwa hesabu ya asili ya kiumbe, mama wa Jambiani hana dai. Kilicho chake katika mmea ule ni maji aliyosimama ndani yake, siku alizoinama, na ngozi aliyoichakaza. Ikiwa haki yafuata mbegu tu, basi jasho halina mwenyewe. Yapasa, kwa hiyo, pawe na kanuni iliyo pana kuliko ya sheria: kwamba thamani ya dawa haitoki katika kiumbe peke yake, bali hutoka pia katika aliyekiotesha, na kila mwenye sehemu katika kutoa awe na sehemu katika kupata.

Njia moja ya kulipa deni hilo imekwisha onekana Zanzibar kwenyewe. Vikundi vya wanawake vimejifunza kusaga mwani na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi, na kutengeneza krimu na mafuta ya mwili. Kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa bei ipitayo mbali ile ya kilo ya mwani mkavu. Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone hapa imepata maana karibu na ile ya maneno yenyewe, maana mgeni hununua, na mwenyeji hupata cha kununulia dawa ya mgongo wake. Lakini wanaotengeneza sabuni ni wachache, na walio majini ni maelfu. Tena bahari yenyewe inabadilika. Kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu, imekuwa ikifa katika maji mafupi kwa sababu ya joto lililozidi, na mahali pa kuikuza ni kilindini zaidi, panapotaka chombo na ustadi wa kuogelea. Wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Sabuni peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo wote.

Malipo mengine ya deni ni ukweli. Muuzaji wa marhamu hupenda kusema kwamba kitu kikitoka baharini ni cha asili, na kikiwa cha asili hakidhuru. Elimu haisemi hivyo. Karajinani hiyo hiyo inayotuliza juu ya ngozi ilielezwa na watafiti mwaka 1962 kwa matumizi yaliyo kinyume: hudungwa katika wayo wa panya ili uvimbe, kisha dawa za kuondoa uvimbe zikajaribiwa juu yake. Kitu ni kimoja. Mahali na kipimo ndivyo vilivyobadilika. Sabuni ya mwani husafisha, na yaweza kulainisha. Kumwambia mwenye ukoma au saratani ya ngozi kwamba itamponya ni kumwibia wakati, na wakati wa mgonjwa haurudishwi. Asiyemdhulumu mkulima kwa bei, asimdhulumu mgonjwa kwa maneno.

Na bahari je? Nayo ina dai lake. Baadhi ya mafuta ya kukinga jua yana oksibenzoni, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kemikali hiyo yaweza kudhuru matumbawe machanga. Palau ilipiga marufuku mafuta ya namna hiyo kuanzia mwaka 2020, na Hawaii ikapiga marufuku uuzaji wake kuanzia mwaka 2021. Wanachuoni bado hawajapatana juu ya ukubwa wa dhara hilo likilinganishwa na lile la joto. Lakini mtu mwenye busara hangoji kipimo cha mwisho ili aache kumtemea mate aliyemnywesha maji. Ingekuwa aibu ngozi ipate kinga baharini, kisha irudishe sumu kulekule.

Basi marhamu ya bahari si ya kukataliwa. Aliyeungua apakwe, mwenye kidonda afungwe, na mwenye ngozi kavu alainishwe. Bahari ni pana, na sehemu kubwa ya vilivyomo haijajulikana. Lakini kila chupa ipimwe pande zote mbili. Ikiwa ndani yake mna uhai ulioangamizwa wakati njia nyingine ipo, iachwe. Ikiwa mna takataka iliyogeuzwa dawa, isifiwe. Na ikiwa mna kazi ya mikono ya watu, iulizwe mikono hiyo i hali gani: ina glavu, miguu yake ina viatu, kichwa chake kina kivuli, na bei yake yatosha chakula cha nyumba yake?

Kipimo hiki si kigumu. Ni kumtazama aliyesimama majini wakati wa bamvu, jua la saa sita likimpiga mgongoni, na kuuliza kama sehemu ya marhamu inayotoka katika kapu lake itafika siku moja katika mikono yake mwenyewe. Ikifika, aliyechuma juani atakuwa amekula kivulini, kama wahenga walivyokusudia. Isipofika, marhamu hiyo itaendelea kuponya, lakini itakuwa imeponya ngozi moja kwa kuiazima nyingine, na kitu cha kuazima hurudishwa.